Jinsi ya Kulitafsiri Neno Palace: Uliza Kwanza Nani Anakaa Humo

Mchana naongoza wageni katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, jioni natafsiri: vipeperushi, maelezo ya picha, wakati mwingine barua za wageni kwa wenyeji wao. Neno lililonisumbua kuliko yote si la kitaalamu. Ni neno la Kiingereza, palace. Ukifungua kamusi unapewa kasri, jumba la kifalme na ikulu kwa mkupuo mmoja, kana kwamba unaweza kuchota lolote. Huwezi.

Nilijifunza hilo kwa kukosea. Niliwahi kutafsiri kipeperushi kwa kundi la mahujaji waliokuja kuona Misheni ya Kikatoliki, na ndani yake mlikuwa na habari za askofu wa Ulaya na palace yake. Nikaandika "ikulu ya askofu". Mama mmoja aliyekuwa akisoma kwa sauti akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani askofu huyu alikuwa rais pia?" Vipeperushi vilikuwa vimeshachapwa. Tangu siku hiyo sianzi na kamusi. Nafuata hatua hizi, nami nawapa vijana wenzangu wa kazi hii na wanafunzi wanaoanza kutafsiri.

Hatua ya 1: Hakikisha neno lenyewe ni palace

Palace hutamkwa karibu na "palis", silabi mbili, mkazo mwanzoni. Jirani yake, place, ni silabi moja, "pleis", na maana yake ni mahali tu. Katika maandishi ya haraka herufi moja huongezeka na "mahali pazuri" hugeuka jumba la mfalme. Soma sentensi nzima kabla hujagusa neno.

Hatua ya 2: Uliza nani anakaa humo

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Akikaa mfalme, malkia au sultani, andika kasri, au jumba la kifalme kama wasomaji wako ni watoto. Buckingham, London, makao rasmi ya wafalme na malkia wa Uingereza tangu Victoria alipohamia 1837, ni Kasri la Buckingham. Ng'ambo yetu, Unguja, Beit al-Sahel pale Forodhani ni kasri la masultani. Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, binti wa sultani, mwaka 1844, ni kasri. Maruhubi ya Sayyid Barghash, iliyoungua 1899, ni magofu ya kasri. Kwa majengo ya Unguja mimi hulitaja jina lenyewe kwanza, Beit hili au lile, kisha nikaeleza. Jina walilolipa wenyewe lina haki ya kutangulia.

Akikaa rais, andika ikulu, hata kama Kiingereza kimeandika palace. Élysée ya Paris ni Ikulu ya Ufaransa. Malacañang ya Manila ni Ikulu ya Ufilipino. Usiandike "kasri la rais" isipokuwa unataka msomaji adhani rais huyo amejifanya sultani. Na neno hili tulitunze, kwa sababu halikuletwa na jahazi. Limetoka bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambako ikulu yalikuwa makao ya mtemi. Misafara iliyoshuka na pembe hadi hapa Bagamoyo ilitoka huko huko. Kwa hiyo ukitafsiri habari za mtemi wa Unyamwezi ukakuta palace, ikulu ndilo neno lake la asili kabisa, na "kasri" litakuwa limevaa kanzu ya mtu mwingine.

Akikaa askofu, andika makao ya askofu. Lambeth, London, ni makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Basi.

Akikaa tajiri au mtu wa ukoo mkubwa asiye mfalme, jumba linatosha. Blenheim huko Uingereza ni ya akina Duke wa Marlborough, na Winston Churchill alizaliwa humo 1874. Linaitwa palace, lakini si la kifalme. Jumba la Blenheim.

Hatua ya 3: Uliza ni lini

Jengo moja laweza kuhitaji maneno mawili. Westminster ni mfano mzuri. Zamani wafalme wa Uingereza walikaa pale, hivyo katika habari za miaka ya 1300 au 1400 ni kasri. Leo ni Bunge. Sehemu kubwa iliungua 1834 ikajengwa upya, jina likabaki. Habari ya juzi ikisema wabunge wamekutana katika Palace of Westminster, andika "majengo ya Bunge, Westminster". Vivyo hivyo Ufaransa na Ubelgiji: palais de justice si nyumba ya mfalme wa haki, ni mahakama.

Neno lenyewe limezoea kuhama. Lilianza kama jina la kilima, Palatium, kule Roma, alikokaa Kaisari Augusto na waliomfuata. Kilima kikawa nyumba, nyumba ikawa cheo. Kasri letu nalo limesafiri: limetoka Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka Kilatini castrum, kambi ya askari. Na hekalu, ambalo kwetu ni nyumba ya ibada, kwa Kiebrania ndugu yake ni nyumba ya Mungu na nyumba ya mfalme pia. Ukitafsiri maandiko ya kale, kumbuka hilo kabla hujashangaa.

Hatua ya 4: Angalia kama ni jengo au ni watu

Magazeti ya Kiingereza huandika kwamba Palace imekanusha, Palace imetangaza. Hapo wanasemwa watu. "Ikulu imetangaza" ni Kiswahili safi, tumekizoea redioni. "Kasri limetangaza" linakwaruza sikio. Andika "msemaji wa Kasri la Buckingham", au "familia ya kifalme" ikiwa ndiyo inayosemwa. Na palace coup ni mapinduzi ya wakubwa wenyewe kwa wenyewe, hata kama hakuna aliyekanyaga jumba.

Hatua ya 5: Majina yaache

Hoteli, kumbi za sinema na timu hazitafsiriwi. Kwenye banda umiza, Palace ni Crystal Palace, timu ya London. Jina lilitoka kwenye jengo kubwa la kioo na chuma lililowekwa Hyde Park kwa maonyesho ya 1851, likahamishiwa Sydenham, likateketea 1936. Hakuna mfalme aliyelala humo. Ukiandika "Kasri la Kioo wamefungwa mbili bila", umempoteza msomaji wako.

Hatua ya 6: Usilibandike lisipostahili

Hii nawaambia hasa waongozaji wa hapa kwetu. Mgeni akiliona Boma la Wajerumani, na roshani zake na kuta nyeupe, huuliza kama ni palace. Jibu ni hapana: ilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni. Ngome Kongwe ni ngome. Caravanserai ni mahali pa misafara, wapagazi na mizigo. Kaole kuna misikiti na makaburi, na wafu wale wanastahili kutajwa kwa vilivyo vyao. Mgeni hufurahi akisikia palace, najua, na bakshishi huongezeka. Lakini mjukuu wa mpagazi akisoma kibao hicho kesho, atakuwa ameibiwa habari ya babu yake.

Anayetaka kasri la kweli la pwani, mwelekeze Kilwa Kisiwani, kwenye Husuni Kubwa ya sultani wa karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane. Jina lake lina maana ya ngome, ila aliyekaa humo alikuwa sultani, kwa hiyo kwenye kibao andika kasri, na jina Husuni Kubwa uliache kama lilivyo.