Jinsi ya kulinganisha lishe ya mbegu za maboga na ya nyama ya ng'ombe

Kosa la kwanza linalofanywa na wengi ni kulinganisha gramu 100 kwa gramu 100 bila kuuliza kama chakula ni kikavu au kimepikwa, ilhali maji peke yake hubadilisha hesabu yote: maharage makavu yana protini gramu 22 hivi, lakini yakishachemshwa hubakiwa na 9 tu katika uzito huohuo, kwa kuwa yamekunywa maji. Anza, basi, kwa kupima kila chakula kikiwa tayari kuliwa.

Mbegu za maboga zilizomenywa zina protini gramu 30 hivi katika kila gramu 100, na nyama ya steki iliyopikwa ina 26 hivi. Usitangaze mshindi bado. Pima kiasi kinacholiwa kweli: konzi moja ya mbegu ni kama gramu 30, yaani protini gramu 9, ilhali vipande vichache vya nyama kwenye mchuzi hufikia uzito wa gramu 90 kwa urahisi. Angalia pia mafuta, kwani ni karibu nusu ya uzito wa mbegu hizo.

Kisha linganisha madini ya chuma. Katika gramu 100, mbegu zina miligramu 8 hivi na nyama 3 hivi tu, lakini mwili hufyonza chuma cha nyama kwa wepesi zaidi. Ukila mbegu pamoja na chungwa, ufyonzaji huongezeka, na chai, kipenzi chetu kwa bahati mbaya, huupunguza. Kuhusu vitamini B12 hakuna mjadala: mbegu hazina kabisa.