Kabla ya kufufua dai la fidia lililokataliwa zamani

Kama uliwahi kutumikia jeshi la Marekani, ukadai fidia ya ulemavu kwa sababu ya ugonjwa wa akili ukanyimwa, usikimbilie fomu. Omba kwanza jalada lako zima kutoka Idara ya Maveterani (VA), uisome barua ya kukataliwa neno kwa neno. Mara nyingi dai hukwama kwa kukosa utambuzi wa ugonjwa ulio nao sasa, au tukio la jeshini, au daktari wa kuunganisha hayo mawili. Ushahidi usioziba pengo la dai lako ni mzigo wa karatasi tu.

Tazama pia tarehe ya barua. Mwaka ukishapita, njia ya kawaida ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, lenye ushahidi mpya unaohusu shauri. Halina ukomo wa muda, ila ukishinda, malipo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku uliyolipeleka. Hapo wengi huumia. Lakini zikipatikana rekodi za jeshi zilizokuwepo tangu awali na hazikuwekwa jaladani, nazo zikachangia ushindi, malipo yanaweza kurudi hadi dai la kwanza. Kwa hiyo zisake, hata kama moto wa Julai 1973 kwenye hifadhi ya rekodi za jeshi huko St. Louis uliunguza mamilioni ya majalada ya zamani.

Wapo watakaokushawishi udai kwamba VA ilifanya kosa la wazi lisilopingika katika uamuzi wake wa zamani. Malimbikizo ya malipo yake yanatamanisha, ila kosa hilo hupimwa kwa sheria ya wakati ule. Askari mmoja wa Marine mwenye skizofrenia, George, aliyekataliwa 1977, alifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2022 akashindwa kwa kura 6 dhidi ya 3, kwa kuwa kanuni iliyomnyima ilikuwa bado ikitumika wakati ule, ikabatilishwa baadaye tu.

Ukiwa na kiwewe cha vita na ulikataliwa kabla ya Julai 2010, kanuni ililegezwa: hofu ya kushambuliwa inaweza kuthibitishwa kwa maelezo yako mwenyewe, mradi mtaalamu wa VA aafiki na yaendane na mahali ulipotumikia. Mke au dada aliyekushuhudia ukikurupuka usiku naye aandike aliyoyaona, kwa Kiingereza, atie sahihi.

Msaidizi awe na kibali cha VA; vyama vya maveterani havitozi. Na jalada usilisome peke yako usiku. Yakikuzidi, piga 988, simu ya msaada wa dharura ya Marekani, kisha bonyeza 1.