Somo: Vivumishi vya kuelezea mkakati wenye sehemu nyingi

Kiswahili hakirundiki sifa mbele ya nomino. Huzipanga nyuma yake, moja baada ya nyingine, na kila moja hufungwa kwa nomino yake kwa upatanisho wa kisarufi. Anayeandika andiko la mradi ashike jambo hilo kwanza.

Hatua ya kwanza: tambua ngeli ya nomino kuu. Mkakati na mpango ni za ngeli ya U-I.

Hatua ya pili: chagua kifungo. Muda na shabaha huja kwa -a unganifu (wa, ya, la na kadhalika), kama vile mpango wa miaka mitano au mkakati wa kutokomeza malaria. Sehemu zinazouunda mkakati huja kwa -enye: Ruwaza ya Kenya ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ni dira yenye nguzo tatu, yaani uchumi, jamii na siasa. Sehemu zikiwa ni matendo, tumia kirejeshi, yaani kiambishi ndani ya kitenzi kinachorejelea nomino: mkakati unaounganisha kinga na tiba.

Hatua ya tatu ndiyo inayoharibu maandiko mengi niliyoyasahihisha, nami naomba isomwe polepole. Linganisha "mpango wa maendeleo wa miaka mitano" na "mpango wa maendeleo ya miaka mitano". Katika fungu la kwanza miaka ni ya mpango. Katika la pili ni ya maendeleo, na tofauti yote imebebwa na herufi moja. Upatanisho huo hauwezi kutusaidia nomino mbili zikiwa za ngeli moja: katika "mkakati wa mkoa wenye vipaumbele vitatu", ulio na vipaumbele ni mkoa au mkakati? Hapo mimi huigeuza sentensi nzima: "Mkoa una mkakati wenye vipaumbele vitatu."

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Ofisini kwetu wanaandika "mkakati mwenye awamu mbili". Ni sahihi?
Jibu: Marahaba. Si sahihi. "Mwenye" ni ya ngeli ya A-WA, kama mtu mwenye busara. Andika "mkakati wenye awamu mbili", na kwa wingi "mikakati yenye".

Swali: Je, niweke kistari, yaani "nguzo-tatu"?
Jibu: Usiweke. Kazi ya kuunganisha imekwisha kufanywa na "yenye", kama katika "dira yenye nguzo tatu".

Swali: Nikiwa na vipengele sita, niandike "visita"?
Jibu: Hapana. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui kiambishi cha ngeli. Tunaandika vipengele vitano, vipengele sita, vipengele vinane.