Mikro ya juu ya kamera: angalia jeki na manyoya kwanza

Wenye kupiga filamu Goma kwa mfuko mdogo, kabla ya kuuliza bei hakikisha kamera yako ina tundu la mikro la milimita 3.5. Nyingi za bei rahisi hazina. Kisha hesabu pete nyeusi kwenye jeki, ile ncha ya waya wa mikro inayoingia kwenye tundu: mbili ni ya kamera, tatu ni ya simu.

Mikro ndogo kama Rode VideoMicro haina betri, inakula umeme wa kamera yenyewe, na inakuja na manyoya yake ya kuzuia upepo. Usiyaache nyumbani, kando ya ziwa Kivu kifuniko cha sifongo peke yake hakifui dafu.

Ila mikro haivuti sauti ya mbali kama lenzi inavyovuta picha. Umbali ukiwa mara mbili, sauti ya msemaji inashuka desibeli 6 hivi, huku pikipiki na jenereta za mtaa wa Birere zikibaki palepale. Mimi ningechukua mikro ya bei ya chini, pesa iliyobaki ninunue waya wa mita 3, niifunge kwenye fimbo (hata ya ufagio) karibu na kinywa. Na zima urekebishaji wa sauti otomatiki: msemaji akinyamaza, ndio unaopandisha kelele zote za mtaa.