Mababu wa Uingereza: anza na mipaka ndo usachi majina

Ukitafuta ukoo Uingereza ramani ya leo itakuzungusha bure, maana parokia na kaunti zimehamahama sana. Tuchukue mji mmoja, Shipston-on-Stour, leo uko Warwickshire.

Hatua ya 1. Shika mwaka kwanza, kaunti baadae. Shipston mpaka 1931 ilikuwa Worcestershire, yaani kipande cha Worcestershire kimekaa peke yake katikati ya kaunti zingine. Vipande vingi vya aina hiyo viliunganishwa na kaunti zilizovizunguka 1844, hiki kikaachwa, so babu wa 1880 ukimsachi Warwickshire tu unaweza kumkosa kabisa.

Hatua ya 2. Jiulize unatafuta karatasi gani, hapa ndo penye kazi. Ubatizo, ndoa na maziko ni mambo ya kanisa, unafuata parokia (rejista ziliamriwa 1538 ila nyingi za mwanzo hazipo tena). Vyeti vya serikali (kuzaliwa, ndoa, vifo) vimeanza Julai 1837 na vyenyewe vinafuata wilaya za usajili, ambazo zilichorwa juu ya miungano ya parokia ya kuhudumia maskini, mipaka ya kaunti hawakuijali, ndo maana wilaya ya Shipston ilibeba vijiji vya kaunti zaidi ya moja na index (orodha ya majina ya vyeti hivyo) ikikuandikia Shipston usikimbilie kusema mtu kazaliwa mjini. Wosia wa kabla ya 1858 uko kwenye mahakama za kanisa, huko fuata dayosisi.

Hatua ya 3. Cheki kama parokia yenyewe ilikuwepo. Shipston ilikuwa chini ya Tredington, ikajitegemea mwanzoni mwa miaka ya 1700, kwahiyo ukirudi nyuma zaidi pitia na Tredington. Kaskazini ni balaa, Whalley kule Lancashire ilikuwa parokia moja yenye vijiji kibao na makanisa madogo yenye rejista zake. Halafu kwenye sensa za baada ya 1866 angalia vizuri, parokia ya serikali (eneo la utawala) na ya kanisa zinaweza zisifanane.

Hatua ya 4. Fungua ramani za zamani za Ordnance Survey (shirika la ramani la Uingereza) kwenye tovuti ya National Library of Scotland, bure kabisa, uandike parokia zote jirani. Watu walikuwa wanaoa hata kijiji cha jirani.

Hatua ya 5. Sasa ndo utafute archive (ofisi inayotunza nyaraka za zamani), na usiende na kaunti ya leo tu. Abingdon ilihamishiwa Oxfordshire 1974 lakini rejista zake za zamani utazikuta kwenye archive ya Berkshire, mjini Reading.