Kumpiga picha mgombea jukwaani: fremu inavyomjenga na inavyombomoa

Mwongozo huu ni wa wapiga picha za habari wanaoanza, hasa mnaotumwa kufuata kampeni Dodoma mjini, Bahi, Kongwa au Mpwapwa. Vyama vina wapiga picha wao, na kazi yao ni kupamba. Kazi yako ni nyingine, lakini kamera ni ileile, kwa hiyo jua inamfanya nini mgombea.

Hatua ya 1: Soma jua

Mwanzoni mwa Oktoba, kampeni zikiwa zimepamba moto, jua la Dodoma mchana linapita karibu wima juu ya utosi. Mgombea aliyevaa kapelo anabaki hana macho; kivuli kimeyameza, na msomaji anaona mtu anayeficha jambo. Subiri ainue kidevu au avue kofia kuwapungia watu. Flashi ndogo ya kujazia nayo inasaidia. Mwanga mzuri unaanza jioni, ila mikutano inafungwa saa 12 na jua linazama mnamo saa 12 na nusu, kwa hiyo nusu saa ya mwisho uwe tayari umeshapata pa kusimama.

Hatua ya 2: Toka chini ya jukwaa

Waandishi huwekwa mbele kabisa, chini ya jukwaa. Ukipiga kutoka hapo kila mgombea anakuwa sanamu: kidevu kikubwa, mkono angani, nyuma yake mbingu tupu. Rudi nyuma hatua nyingi, tumia lenzi ndefu, inayovuta vilivyo mbali, ya milimita 200, na pembe italala. Au omba kupanda kwenye pikapu. Kisha angalia kazi yako ya wiki nzima: je, wanaume umewapiga kutoka chini na mgombea mwanamke kutoka juu, akiwa ameinamia karatasi? Hilo hutokea sana, na mara nyingi hakuna aliyelipanga.

Hatua ya 3: Umati

Hapa ndipo wapiga picha tunapogombana na wapambe. Ukisimama mbali, kamera ikiwa usawa wa vichwa, watu wanapandiana kwenye picha na mapengo yote yanatoweka. Mia tatu wanajaza fremu. Panda jukwaani, simama nyuma ya bega la mgombea na lenzi pana ya milimita 24: mstari wa mbele unakuwa mkubwa, na nyuma yao unaona udongo mtupu hadi kwenye miti. Mkutano ni uleule, dakika ileile. Wengi husema lenzi ndefu ndiyo inayobana watu. Kinachobana ni umbali uliosimama. Lenzi inachagua kipande tu.

Picha zote mbili ni za kweli, na kila moja peke yake inaweza kudanganya. Kwa hiyo piga ya tatu: tafuta ghorofa, tangi la maji au jukwaa la watazamaji, na uonyeshe mwisho wa umati uko wapi. Ukiwa Uwanja wa Jamhuri, viti vilivyo wazi na viti vilivyojaa viingie kwenye fremu moja. Wapambe watakuita msaliti. Wazoee.

Hatua ya 4: Kagua pembeni

Nguzo isiote kichwani, maiki isizibe mdomo. Acha nafasi upande anaoutazama. Ukimbana kwenye ukingo anaonekana amekwama.

Hatua ya 5: Chagua, kisha andika

Hotuba ya dakika arobaini inatoa kila aina ya uso, ukiwemo wa mtu anayepiga chafya. Mdomo uliopinda kwa sehemu ya sekunde si habari. Chagua uso unaolingana na alichokuwa anasema, na kwa mpinzani wake tumia kipimo hichohicho.

Kwenye maelezo ya picha weka mahali, tarehe na saa. Saa ni lazima: picha ya uwanja wa saa 8 mchana, watu wakianza kufika, isije ikachapishwa kesho kama mkutano wa saa 11.