Namna ya kuanzisha ulinzi wa mtaa bila kugombana na majirani: uzoefu wa Mbeya

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuwasaidia wenzetu wa upande wa Isyesye kupanga ulinzi wa mtaa wao. Maswali yao yalikuwa yaleyale tuliyojiuliza sisi huku Uyole tulipoanza, nikaona bora majibu yakae mahali pamoja. Unawahusu waliojenga kwenye mitaa ya aina yetu: nyumba zilizokwisha, mapagale, wapangaji, vishamba vya mahindi katikati, na barabara ambayo taa yake ni ile ya dukani kwa Mangi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Vikundi vya ulinzi haviuawi na wezi, vinauawa na hela. Kwa hiyo usishangae hatua ya nne ikiwa ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Ofisi ya mtaa

Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, waelezeni mnachotaka, ombeni barua na namba ya simu ya mkaguzi wa polisi wa kata. Mtaa una kamati yake ya ulinzi na usalama. Ninyi mnaingia chini yake, hamwanzishi serikali nyingine. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulileta wenyeviti wapya sehemu nyingi, hivyo kama mlizungumza na wa zamani, rudini. Msiiruke hatua hii. Watu wanaotembea saa nane usiku na marungu bila barua ya mtaa, askari wa doria atawauliza maswali yaleyale anayomuuliza mwizi.

Hatua ya 2: Orodha ya nyumba

Nunueni kauntabuku, mtembee geti kwa geti mchana. Andikeni namba ya nyumba kama ilivyo kwenye kibao cha anwani za makazi, vile vilivyobandikwa wakati wa operesheni ya mwaka 2022 kabla ya sensa. Wengi hawavitazami tena na vingine vimeng'oka kuta zilipopakwa rangi, lakini ndivyo vitakavyomfikisha polisi au zimamoto usiku. Ukimwambia mtu asiye wa mtaa "nyumba ya bati la kijani karibu na parachichi", atazunguka mpaka kuche.

Kwenye kila nyumba andikeni jina la anayeishi humo, hata kama hati ni ya mtu mwingine. Nyumba nyingi za kwetu mwenyewe yuko Dar au Tunduma, na usiku wa tatizo hana msaada. Chukueni simu isiyozimwa usiku, na simu ya ndugu wa kupigiwa wakisafiri.

Mapagale yaorodheshwe kwa makini kuliko nyumba zinazokaliwa. Pagale lisilo na milango ndiko vitu vya wizi vinakolala kabla ya kuhamishwa. Mtafuteni mwenye nalo, mwombeni aweke mabati ya kuziba milango au awape ruhusa ya maandishi mlinzi aingie kukagua. Wengi hukubali haraka, maana na wao wanaibiwa nondo na mbao.

Kuna wanaopenda orodha ipangwe kwa mabalozi wa nyumba kumi. Mimi sipendi. Balozi ni kiongozi wa shina la chama, na mkimpa daftari, jirani wa chama kingine ataanza kutafuta sababu ya kutochangia. Mshirikisheni kama mkazi mwenzenu anayejua watu, basi.

Daftari likae kwa katibu. Lisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, orodha ya nani kasafiri na nani analala peke yake ni zawadi kwa mwizi.

Hatua ya 3: Mkutano

Jumapili alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na wamekula. Muhtasari uandikwe, usainiwe, na karatasi ya mahudhurio iambatanishwe. Chagueni mwenyekiti, katibu na mhazina.

Hatua ya 4: Hela

Hapa tulieni.

La kwanza ni nani alipe. Mkiliacha swali hili lijiendee, litakula mkutano mzima. Kuna watakaosema kila kaya, kuna watakaosema kila nyumba, na yupo mzee atakayesimama na kusema mwenye nyumba ndiye mwenye mali, mpangaji anaogopea redio tu. Watu hawajasahau mwaka 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU na wapangaji wakajikuta wanawalipia wenye nyumba kila wakinunua umeme. Mkisema mita ndiyo ilipe, ugomvi ule unarudi mezani. Ninachopendekeza ni geti. Kila geti, au kila mlango unaotazama barabara kama hakuna uzio, ni mchango mmoja, na walio ndani wagawane wanavyojua. Nyumba yenye wapangaji sita italipa sawa na ya familia moja. Najua kuna kauonevu hapo, lakini mlinzi anazunguka ukuta, hahesabu vitanda. Fremu za biashara zilipe zake kando.

La pili ni kiasi. Kosa la kawaida ni kuzidisha idadi ya nyumba kwa mchango na kuajiri kwa jibu linalotoka. Tuchukulie mna mageti 42 na mchango ni shilingi 5,000. Kwenye karatasi ni 210,000 kwa mwezi. Mkimwahidi mlinzi 210,000, mwezi wa pili mnamkopa na wa tatu anaacha lindo. Pangeni kwa theluthi mbili: mageti 28, yaani 140,000, na chochote mtakachoahidi kikae ndani ya hapo. Kama hiyo haitoshi kumlipa mtu vizuri, na mara nyingi haitoshi, unganeni na mtaa wa pili au pandisheni mchango. Msimpunje mlinzi. Kuna amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara, ulizeni idara ya kazi kabla hamjaandika mkataba. Na mlinzi mwenye njaa anajua ratiba zenu kuliko mtu yeyote.

Kabla ya kuajiri, kusanyeni mwezi mmoja bila mlinzi. Watu watanung'unika kwamba wanalipia hewa. Waambieni hiyo ndiyo akiba ya mwezi ambao wakulima hawajauza viazi na watumishi hawajapata mshahara. Bila hiyo akiba, mshahara wa mlinzi utategemea bahati, na lindo litakufa taratibu bila mtu kutangaza kwamba limekufa.

La tatu, hela ikae wapi. Isikae kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mzee wa kanisa. Mhazina hahitaji kuwa mwizi ili hela zipotee: simu inaibwa, laini inafungwa, mtoto anaumwa usiku na hela ya kwanza kuonekana ni hiyo. Zipo njia mbili nzuri. Akaunti ya kikundi benki ni imara, ila jiandaeni kwa makaratasi: katiba, muhtasari wa mkutano, barua ya mtendaji, na kikundi kutambuliwa na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ni safari za kwenda na kurudi, na kila safari kuna karatasi moja imepungua. Njia ya pili ni huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambako kutoa hela kunahitaji idhini ya kiongozi zaidi ya mmoja. Mimi naanza na ya simu, benki inafuata kikundi kikishazoea kulipa. Mitaa inayoanza na benki naiona inachoka kabla ya lindo la kwanza. Na mhazina asiwe mwenyekiti, wala mke wa mwenyekiti, wala shemeji yake.

La nne ni risiti. Kitabu cha risiti chenye nakala, vile vya dukani vya karatasi ya kaboni, kila anayelipa apewe, hata aliyelipa kwa simu. Kauntabuku iwe na ukurasa kwa kila geti, miezi kumi na miwili ikishuka. Programu za simu na majedwali ya kompyuta ni mazuri, nami nayatumia kazini, lakini mzee wa geti la juu hataamini jedwali. Ataamini ukurasa wake wenye sahihi yake.

La tano, wasiolipa. Utapita jioni:

"Hodi. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante mama. Tumekuja kwa ile ya ulinzi."

"Eeh, baba yenu hayupo. Njooni mwisho wa mwezi."

Usibishane, wala usimkumbushe kwamba mwezi uliopita baba hakuwepo pia. Fungua ukurasa wake mbele yake, andika tarehe aliyoitaja mwenyewe, msomee, rudi siku hiyohiyo. Majina ya wadaiwa msiyabandike ukutani wala kuyatangaza kwenye kundi. Mdaiwa aliyeaibishwa halipi, anatafuta wenzake wa kugoma naye. Wajane wasio na kipato na wazee wanaoishi na wajukuu wasamehewe kwa azimio la mkutano, liandikwe kwenye muhtasari, ili mwakani asitokee wa kuuliza kwa nini fulani halipi. Asiyelipa kwa ubishi tu, nyumba yake italindwa hivyohivyo, kwa sababu mwizi akishaingia kwake anaruka ukuta kuja kwako.

La sita, tarehe. Mlinzi alipwe siku moja kila mwezi, mbele ya watu wawili, asaini. Kila baada ya miezi mitatu mhazina asome mapato na matumizi mkutanoni, mpaka betri za tochi. Hesabu zikisomwa, wadaiwa kadhaa hulipa palepale.

Hatua ya 5: Mlinzi na zamu

Mpendeleeni aliyepita mafunzo ya mgambo. Ana cheti, na mshauri wa mgambo wa wilaya anaweza kumthibitisha. Chukueni nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha, na wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana. Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja. Vifaa ni filimbi, tochi, rungu, gumbuti na koti zito. Mapanga hapana.

Koti si anasa. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10, na mlinzi mwenye sweta tu atajificha mahali. Akijificha atawasha jiko la mkaa, na hapo ndipo pabaya: mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu anasinzia na haamki. Kibanda cha lindo kiwe wazi upande mmoja. Na ninyi mnaoingiza jiko chumbani ili watoto wapate joto, acheni. Litoeni nje kabla ya kulala.

Kama mnaongeza zamu za wananchi Ijumaa na Jumamosi, watoke wanne wanne, saa nne usiku hadi kumi na moja alfajiri. Nyumba isiyo na mtu wa kutoka ilete chai.

Hatua ya 6: Kundi la WhatsApp

Liwepo, ila viongozi peke yao ndio waandike. Kundi la wazi linageuka la salamu za asubuhi na mahubiri, na ujumbe wa saa nane usiku unazama humo. Marufuku kurusha picha ya mtu na kumwita mwizi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayesambaza taarifa za uongo, na kijana mgeni aliyekuja kwa shangazi yake ana haki ya kupita barabarani. Tukio likitokea, piga simu. Ujumbe haumwamshi mtu.

Hatua ya 7: Usiku wa tukio

Kubalianeni ishara na mzifanyie mazoezi. Kwetu filimbi fupi fupi ni "nina wasiwasi, amkeni", na filimbi ndefu isiyokatika ni "tumevamiwa". Ukiisikia, washa taa za nje, piga yowe ukiwa ndani, mpigie jirani, mpigie mkaguzi wa kata au 112, taja namba ya kibao na jina la barabara. Moto ni 114. Usitoke peke yako. Watu wa rika langu hapa mjini wanaikumbuka enzi ya wapiga nondo, wahalifu waliowavizia watu na kuwapiga kwa nondo, na aliyewahi kumwona aliyepigwa hahitaji kuelezwa.

Mkimkamata mtu, sheria inamruhusu raia kumkamata anayemwona akitenda kosa kubwa, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Inaishia hapo. Hakuna kumfunga kamba mpaka kuche, hakuna kumhoji, hakuna tairi. Magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali", lakini mahakamani wananchi wana majina, na mtu akifa mikononi mwenu kesi ni ya mauaji. Katibu ateue mapema watu wawili wenye sauti, kazi yao usiku huo ni kuzuia wengine wasipige. Wachagueni wanaoheshimika. Kijana mpole hataweza.

Hatua ya 8: Taa, vichaka, kamera

Fyekeni njia za uchochoroni. Mahindi marefu yanayogusa barabara mwombeni mwenyewe arudi nyuma mistari michache msimu ujao.

Kamera ziwe za mwisho. Nyingi nilizoziona zinarekodi kofia na giza, na umeme ukikatika hazirekodi chochote. Hela hiyohiyo inanunua taa za sola kadhaa pale Mwanjelwa, na taa moja juu ya geti inafanya kazi kuliko kamera nne. Tatizo la hizo taa ni msimu wa mvua: wiki ya mawingu mfululizo betri inaisha kabla ya saa sita usiku. Kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Aprili, wenye taa za umeme nje wawashe zao, na mlinzi aandike kila asubuhi geti lipi lilikuwa giza.